Honi kubwa zataka rilei

Mhariri,

Mimi hubeba samaki kwa pikapu kutoka Mambrui hadi Malindi mjini. Nawasihi mafundi wetu wa umeme wa magari: msiunge honi kubwa kwenye waya mwembamba wa honi ya zamani. Nilifungiwa honi mbili za volti 12 namna hiyo. Siku ya tatu, karibu na daraja la Sabaki, mtoto wa baiskeli akanikatia mbele. Nikabonyeza, kimya. Fyuzi imeungua! Mtoto yule aliokolewa na breki tu, na hadi leo nikikumbuka mikono hunitetemeka.

Honi mbili huvuta umeme mwingi, kwa hiyo zataka rilei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mwingi. Mguu wa 30 wa rilei upokee umeme wa betri kupitia fyuzi yake, wa 87 uende kwenye honi. Waya wa zamani uwashe rilei tu, kupitia 85 na 86.

Tena huku kwetu pwani chumvi hula athi, yaani pale umeme unaporudi betrini kupitia bodi ya gari. Honi ikikoroma, iunge moja kwa moja na betri. Ikilia vizuri, ubovu uko kwenye nyaya. Yangu ilikuwa kutu kwenye bodi. Niliikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza boliti, nikapaka grisi.

Dereva wa pikapu,
Mambrui, Malindi