Kesho: kupima taa ya indiketa

Habari za jioni wanakikundi. Kesho kila mmoja aje na taa ya indiketa ya gari, volti 12 wati 21. LED hazifai.

Multimita (kifaa cha kupima umeme) ya ampea inakaa mfululizo na taa, yaani umeme upite ndani yake ndipo ufike kwenye taa; waya mwekundu kwenye tundu la 10A. Tafadhali sana, ukichomeka kwenye tundu la mA (la mkondo mdogo) fyuzi inakatika papo hapo. Volti pimeni kwenye miguu ya taa, si kwenye betri, maana waya nao hula volti.

Mkisoma volti 12 na ampea 1.75: ukinzani ni 12 ÷ 1.75 = omu 6.86, nguvu ni 12 × 1.75 = wati 21.

Kisha itoeni taa, ipoe, mpime omu: itasoma chini ya 1. Msidhani multimita imeharibika, ni nzima. Tungsteni, yaani uzi wa ndani ya taa, ikipoa ukinzani hushuka sana.