Shukrani kwa baba wa msumeno

Baba uliyenikuta Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, nikihangaika na mbao za sanduku la kiota cha ndege: sikukuuliza jina, na jambo hilo limenikaa moyoni. Ulitoboa tundu la sentimita 5, linalowatosha kwezi, ukang'oa kijiti nilichopigilia chini yake ukisema, "Mwanangu, hiyo ni ngazi ya adui." Ukakwaruza ubao wa ndani ili makinda wapate pa kushika kucha wakipanda kutoka, ukatoboa vitundu sakafuni maji yasituame. Hukutaka hata pesa ya chai. Miti mikongwe yenye mashimo imekatwa mno huku kwetu, na kwezi wengi hutagia mashimoni. Jana nimewaona wawili wakiingiza nyasi. Ahsante sana, baba. Mungu akuzidishie.