Kabla ya kuweka sonda

Goma

Dada Furaha,

Salamu kutoka upande huu wa ziwa. Natumaini mvua za Bukavu zimewaacha mpumzike kidogo. Umeniuliza dawa gani itumike, na kipimo gani, wakati wa kumwekea sonda ya kupumulia mgonjwa ambaye mafua makali au COVID-19 imemshika mapafu yote mawili. Vipimo nitakupa. Ila kuna swali linalotangulia: sonda ikishaingia, mna oksijeni ya saa ngapi?

Piga hesabu hiyo kabla ya kugusa laringoskopu, kifaa cha kutazamia koo. Chukua ukubwa wa chupa ya oksijeni kwa lita, zidisha kwa bar zinazosomeka kwenye manometa, kile kipimo cha msukumo. Chupa ya lita 50 yenye bar 150 ina lita 7,500. Kwa mwendo wa lita 15 kwa dakika itakwisha baada ya saa 8 na dakika 20. Ile ndogo ya lita 10 iliyobaki na bar 100 inakupa saa moja na dakika chache, basi. Angalia pia mashine yenu ya kupumulisha inataka nini. Zile zinazodai oksijeni yenye msukumo wa bar 3 au 4 haziwezi kulishwa na mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani, kwa sababu mashine hiyo ya kuchuja hutoa kwa msukumo mdogo mno. Yenye turbini yake na tundu la oksijeni ya msukumo mdogo inakubali, lakini hata hapo usifurahi haraka: mashine ya kuchuja ya lita 5 kwa dakika ikimlisha mgonjwa anayehitaji lita 10 za hewa kwa dakika, anachopata ni oksijeni ya kama asilimia 57 tu. Umeme ukikatika na jenereta ikagoma, hata hiyo haipo. Hesabu ikikataa, tafuta lopitali ya kumpokea angali anaongea.

Saa ya kuamua haitokani na namba peke yake. Mlaze kifudifudi akiwa macho, mpe barakoa yenye mfuko kwa lita 15, umtazame. Anayemaliza sentensi na kushika simu yake anaweza kungojea hata kama saturesheni, yaani kiwango cha oksijeni kwenye damu, ni asilimia 88. Anayepumua zaidi ya mara 35 kwa dakika, shingo inavuta, tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapanda, au ameanza kuongea yasiyoeleweka, huyo hangojei. Usingizi wa ghafla kwa mtu aliyekuwa akihangaika si nafuu, ni kuchoka.

Na usiiamini sana oksimita ya kidole, kile kifaa kinachosoma saturesheni. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2020 ulilinganisha namba za kidole na damu iliyotolewa kwenye ateri. Miongoni mwa wagonjwa weusi ambao kidole kilisoma kati ya 92 na 96, asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Ongeza kwamba sisi tuko kwenye mita kama 1,500, ambako hewa ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na pwani. Ongeza tena kwamba kidole huchelewa, kwa mgonjwa mwenye mikono baridi hata nusu dakika na zaidi. Kikikuonyesha 90 na namba inashuka, damu imeshafika mbali zaidi.

Kwa hiyo dakika 5 za kumjaza oksijeni kabla ya dawa usizikate. Muinue mgongo, kitanda kiwe kwenye nyuzi 20 hadi 30, kichwa kipandishwe kwa mashuka hadi tundu la sikio liwe usawa wa kishimo cha juu ya kifua. Ambu, ule mfuko wa kupumulisha kwa mkono, iwe na vali ya PEP (msukumo unaobaki kwenye mapafu mwisho wa pumzi) kwenye 5 hadi 10, na kichujio cha virusi kikae kati ya barakoa na ambu. Kikiwekwa mahali pengine, kila pumzi anayotoa inawapiga usoni. Barakoa ishikwe kwa mikono miwili na mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu. Mfuko wa nyuma wa ambu ukilegea mgonjwa anapovuta, oksijeni haitoshi: ongeza mwendo, au unganisha vyanzo viwili kwa kiungo cha Y.

Mwanzoni mwa COVID-19 wengi tulifundishwa tusimpe mgonjwa pumzi hata moja ya ambu kati ya dawa na sonda, eti virusi vitasambaa. Kwa mtu mwenye mapafu yaliyojaa, ushauri huo mimi siufuati. Mwaka 2019, katika utafiti wa wagonjwa mahututi 401 huko Marekani, walioshuka hadi saturesheni chini ya 80 walikuwa asilimia 10.9 kati ya waliopewa pumzi za ambu, na asilimia 22.8 kati ya walioachwa bila. Mpe pumzi ndogo za polepole, barakoa imebana, kichujio kipo, dirisha wazi, na wote mmevaa barakoa za FFP2, ngao ya uso, kanzu na glavu mbili. Ndani watu wanne watosha: anayeweka, anayemsaidia, anayetoa dawa, na anayesoma namba kwa sauti. Wa tano asimame nje ya mlango na vya akiba.

Sasa dawa. Ya usingizi ni ketamini, miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo. Kama presha tayari iko chini, teremka hadi 0.5. Cha kulegeza misuli ni suksametoniamu 1.5 kwa kilo, au rokuroniamu 1.2. Hicho usikipunguze kwa mwenye presha ya chini, kwa kuwa damu inazunguka polepole na dawa inachelewa kufika. Suksametoniamu mnyime aliyelala bila kujisogeza siku nyingi au mwenye figo zilizogoma na potasiamu juu: moyo unaweza kusimama hapo hapo. Dawa hizi mbili za kulegeza misuli ni za friji. Friji yenu ikishinda bila umeme, andika tarehe kwenye vichupa.

Hapa ndipo nataka usome taratibu, maana watu wengi huogopa saturesheni na kusahau presha. Utafiti wa mwaka 2021 uliofuata wagonjwa 2,964 waliowekewa sonda katika nchi 29 ulionyesha kwamba presha na moyo viliyumba kwa asilimia 42.6 yao, huku upungufu mkali wa oksijeni ukiwapata asilimia 9.3. Sababu inaeleweka. Mgonjwa amekuwa akijisukuma kwa woga na uchovu, mwili umejaa adrenalini yake mwenyewe, hajanywa maji siku kadhaa, ana homa. Unamlaza kwa dawa, adrenalini inazimika. Unaanza kumsukumia hewa, kifua kinabana damu isirudi kwenye moyo. Chupa ya seramu (maji ya mshipani) ya mililita 500 peke yake haimkingi. Hilo nalo lilipimwa mwaka 2022 na halikupunguza kuanguka kwa presha.

Tengeneza kabla adrenalini nyepesi ya kupandisha presha. Ampuli ya miligramu 1 ndani ya seramu ya chumvi ya mililita 100 inakupa mikrogramu 10 kwa kila mililita. Vuta mililita 10, bandika plasta juu ya bomba la sindano, andika kwa kalamu nene «ADRENALINI 10 mcg/ml», na ampuli nzima nzima ziondoke kwenye sinia hilo. Mabomba mawili yanayofanana, moja likiwa na nguvu mara 100 ya jingine, hayalali sinia moja. Namba ya juu ya presha ikishuka chini ya 90, toa mililita 1, ngoja dakika moja, pima tena. Mkanda wa presha ujipime kila dakika, mkono usio na seramu.

Baada ya cha kulegeza misuli, tazama saa: sekunde 60. Ukiingia kwa sekunde 30 atakohoa usoni pako na nyuzi za sauti zitakufungia mlango. Kama mna laringoskopu ya kamera, tumia hiyo tangu mara ya kwanza. Sonda ya 7 au 7.5 kwa mwanamke, 7.5 au 8 kwa mwanamume, ikiwa na waya wake ndani, na buji, ule ufito wa kuongoza sonda, karibu. Alama ya meno iwe sentimita 21 kwa mwanamke, 23 kwa mwanamume. Jaza puto kwanza, funga kichujio, ndipo utoe pumzi. Ukibadilisha utaratibu huu, hewa yote ya mapafu inawarudia.

Kama mna kapnografu, kipimo cha kaboni dioksidi kwenye pumzi, mawimbi sita mfululizo ndiyo uthibitisho. Mstari ukilala, sonda iko kwenye umio hadi ithibitike vinginevyo; usidanganywe na ukungu ndani ya sonda. Pasipo kapnografu, chukua bomba la sindano la mililita 60 na ulivute haraka kwenye sonda kabla ya kutoa pumzi: koo la hewa linaachia bila shida, umio unanywea na kukataa. Kwa mnene sana kipimo hicho huweza kupotosha.

Usijaribu zaidi ya mara mbili. Saturesheni ikigusa 90, toa laringoskopu, rudi kwenye ambu kwa watu wawili na kanula ya Guedel (kishikio cha ulimi) mdomoni. Isipopanda, weka barakoa ya larinksi namba 4, ile inayokaa juu ya mlango wa koo la hewa. Nayo ikishindwa, bisturi (kisu cha upasuaji) namba 10, buji na sonda ya 6 kupitia utando ulio chini ya kikoromeo. Vitu hivyo vitatu viwe mezani vikiwa wazi tangu mwanzo.

Baadaye, hatari ni mbili. Rokuroniamu hudumu karibu saa nzima au zaidi, ketamini robo saa hivi. Usipoanzisha dawa ya usingizi mara moja, mtu anabaki macho, hawezi hata kupepesa. Mapigo yakipanda na machozi yakitoka, ndiyo hilo.

Ya pili ni kumpumulisha kupita kiasi. Pima urefu kwa tepu, usikisie uzito kwa macho. Mama wa sentimita 160, hata akiwa na kilo 85, mapafu yake ni ya kilo 52: 45.5, jumlisha 0.91 mara sentimita zinazozidi 152.4. Mililita 6 kwa kilo ni kama 315. Nikikuta mashine imewekwa 500 kwa mama wa namna hiyo, najua aliyeiweka ametazama kitanda. Presha ya plato, yaani msukumo ndani ya mapafu pumzi ikishaingia, isizidi 30, PEP anza na 10, pumzi 20 hadi 28, kwa kuwa alikuwa akipumua 35 na asidi ya damu yake ilitegemea hilo. Oksijeni anza na asilimia 100, kisha shusha hadi saturesheni ya 92 hadi 95. Kila asilimia unayoshusha inarefusha chupa yako. Akihitaji zaidi ya 60, mgeuze kifudifudi kwa angalau saa 16.

Ukitaka kutenganisha mirija, bana sonda kwa koleo kwanza. Namba zikianguka ghafla, mtoe kwenye mashine, bana ambu kwa mkono wako, utafute: sonda imetoka, imeziba, au kifua kimeingia hewa. Oksijeni kavu hugandisha makohozi kama gundi, kwa hiyo kichujio chenye unyevu kibadilishwe kikilowa, na mrija wa kufyonza upite hadi mwisho wa sonda kila zamu.

Niandikie aina ya mashine mliyo nayo na idadi ya chupa zinazojazwa kwa wiki, nikupigie hesabu ya kitanda cha pili.

Kaka yako,
Bahati