Kabla ya kukaza tumbo, tuambie choo kinaendaje

Wengi wanaotupigia simu kuhusu upasuaji wa kukaza tumbo hushangazwa na swali letu la kwanza. Hatuulizi kilo. Tunauliza: unapata choo kila siku? Wengine hucheka. Wengine hunyamaza kidogo, kisha mambo yanaanza kutoka: vidonda vya tumbo tangu shule ya upili, kiungulia kisichotulia bila dawa, gesi inayolifurisha tumbo kila jioni mpaka kwenye matatu anapishwa kiti kama mja mzito.

Sisi hatupasui mtu. Kazi yetu ni kuwauguza watu majumbani hapa Nairobi wakishatoka hospitalini: kubadilisha bandeji, kumwaga maji ya mirija, kuangalia kwamba mkanda wa kubana umekaa vizuri. Ndiyo maana tunalishikilia swali hilo, kwa sababu shida ya tumbo ambayo haikutajwa mapema tunakutana nayo sisi, mishono ikiwa bado mibichi.

Daktari anapokaza tumbo huondoa ngozi na mafuta yaliyolegea, na mara nyingi huivuta na kuishona misuli ya mbele iliyoachana wakati wa ujauzito. Utumbo wenyewe hauguswi kamwe. Kama kinachokusumbua ni gesi au choo kigumu, utarudi nacho nyumbani, na sasa kitakuwa chini ya misuli iliyobanwa na mkanda juu yake. Presha ya ndani hupanda, na mwenye kiungulia anaweza kukiona kikizidi.

Kwa hivyo jipime kwanza. Chukua tepu ya fundi cherehani, upime kiuno usawa wa kitovu asubuhi ukitoka msalani, kabla ya chai. Pima tena usiku baada ya chakula. Fanya hivyo wiki nzima, ukiandika. Tumbo ambalo ni bapa asubuhi na limefura usiku ni la kupelekwa kwa daktari wa mfumo wa chakula, si kwenye kisu. Tunajua tunajinyima wateja kwa kusema hivi. Sawa tu.

Si kila ugonjwa wa tumbo unaokuzuia. Mwenye IBS, yaani utumbo unaosumbua bila kuonekana kidonda wala uvimbe, kwa kawaida anaweza kupasuliwa mradi hali imetulia na anajua vyakula vinavyomchokoza. Mwenye vidonda vya tumbo apimwe H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda hivyo, na amalize dawa, ambazo mara nyingi ni za siku 14, kabla hata ya kuulizia tarehe. Na amwambie daktari waziwazi, maana dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac, ambazo hapa mjini watu hununua kama peremende, zinaweza kukitonesha kidonda hadi kikatoa damu.

Wenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, yaani magonjwa sugu ya utumbo kuwaka na kuvimba, wana safari ndefu zaidi. Ugonjwa ukiwa umewaka, hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka, na upasuaji wenyewe unaiongeza. Prednisolone, dawa ya steroidi ya kutuliza ugonjwa huo, huchelewesha kidonda kupona, lakini usiiache ghafla kwa kujiamulia. Kufanya hivyo ni hatari. Tunachotaka kuona ni barua ya daktari wako wa tumbo inayosema ugonjwa umetulia, na ikiwezekana yeye na daktari wa upasuaji wawe wamezungumza. Makovu ya zamani nayo yatajwe. Kovu refu chini ya mbavu za kulia, la kutolewa kifuko cha nyongo, linaweza kuwa limekata mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye ngozi hiyohiyo inayotaka kuvutwa. Na kama unajidunga sindano za kupunguza uzito zenye semaglutide, mwambie daktari wa usingizi mapema, kwa kuwa chakula hukawia tumboni hata ukiwa umefunga saa ulizoambiwa.

Balaa tunaloliona zaidi, hata hivyo, ni la choo. Tramadol, kodeini na mofini hutuliza maumivu na kuulaza utumbo pia. Mteja mmoja mwenye historia ya kufunga choo aliona haya kutuambia. Siku zikapita. Tulimkuta msalani amejikunja, mkono mmoja umeshika sinki, mwingine umekandamiza mkanda, anaogopa kujikamua, mishono isije ikaachia. Hakukuwa na kilichoachia, lakini mateso yale hayakuwa na haja.

Siku hizi tunamwomba daktari aandike dawa ya kulainisha choo kuanzia mwanzo, na tunaenda na kigoda cha kuwekea miguu msalani ili magoti yapande na choo kishuke bila kusukumwa. Maji ya kutosha, paipai, uji, na kutembea polepole kutoka chumbani hadi sebuleni hata kama umeinama. Githeri, kabichi na soda zisubiri kwanza. Shangazi akileta, ale mwenyewe.

Ukianza kutapika, tumbo likafura na hata hewa haitoki, au ukapata homa, usingoje zamu yetu, nenda hospitalini. Vivyo hivyo shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au pumzi ikikata. Na kama hata kabla ya kupasuliwa umeona damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, au unakonda bila sababu, suala la urembo liwekwe kando hadi uchunguzi ukamilike.

Ukija kutuona, leta dawa zako zote kwenye mfuko, pamoja na za kienyeji na zile ulizonunua bila kuandikiwa, matokeo ya vipimo vya tumbo ulivyo navyo, na ile karatasi ya tepu. Jina la daktari atakayekupasua litafute kwanza kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni. Malipo ya kushikilia nafasi hatuyapokei siku hiyo.