Tusiwatishe watoto kwa choo kisha tukawalazimisha kukitumia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo zamani nililiona la kumalizwa uani na kina mama peke yao, lakini ambalo sasa naona linawahangaisha wazazi wengi wa rika la binti yangu hapa Kigoma, nalo ni la mtoto mdogo anayekataa kwenda chooni kwa sababu anakiogopa choo chenyewe.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka miwili na nusu mama yake aliporudi kazini, tukampeleka katika kituo kimoja cha kulelea watoto mchana hapa mjini. Siku ya tatu alirudishwa nyumbani na ujumbe kwamba asirejee mpaka aache pampasi, na tukapewa wiki mbili za kumfundisha. Kila asubuhi mama yake mdogo alimshika mkono akamwongoza hadi kwenye choo chetu cha shimo kilicho nyuma ya nyumba, na kila asubuhi mtoto alipofika mlangoni aling'ang'ania mwimo kwa mikono yote miwili, akakaza miguu na kugeuza uso nje. Hakuwa analia kilio cha kudeka, ambacho bibi yeyote anakijua. Alikuwa anatetemeka.

Jioni moja nilimpakata nikamwuliza kuna nini mle ndani. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Bibi, lile shimo litanimeza." Nilipomwuliza nani kamwambia hivyo, akamtaja mama yake mdogo, naye alipoulizwa akacheka kwanza, kisha akanyamaza, maana alikumbuka kwamba mtoto alipokuwa akigoma kunywa uji alizoea kumwambia, "Usipomaliza nitakutumbukiza chooni." Sikuwa na uso wa kumlaumu, kwa kuwa maneno hayo hayo nilimwambia mimi alipokuwa na umri huo. Tunatumia choo kama zimwi la kumtishia mtoto asiyekula, asiyelala au anayelia, halafu siku tunayotaka akitumie tunashangaa kwamba ametuamini.

Hata bila vitisho vyetu, hofu ya mtoto ina msingi. Nililaza kandambili yake juu ya tundu la choo chetu ili nilinganishe, ikapita yote (na sikuweza kuiopoa). Mtu mzima huchuchumaa pale bila kufikiri, lakini mtoto wa miaka miwili hawezi kutanua miguu kiasi hicho bila kuyumba, na chini yake kuna giza, joto, inzi na pengine mende wanaochungulia ukingoni. Wenye vyoo vya kuvuta maji wasidhani wamesalimika, kwani wapo watoto wanaoogopa ule mngurumo wa maji yanayoondoka na kitu kilichotoka mwilini mwao, na hao ni vyema kuvuta maji baada ya wao kutoka, mpaka watakapotaka kuyavuta wenyewe. Choo cha kukaa nacho kinahitaji kibao cha kukanyagia, kwa sababu mtoto anayening'iniza miguu hewani hujihisi anaanguka na pia hukosa nguvu ya kusukuma.

Lipo jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu, na ambalo mimi mwenyewe nilieleweshwa na muuguzi siku ya kliniki. Mtoto anayeogopa choo huanza kubana haja kubwa. Haja inayobanwa hukaa tumboni, maji yake yakanyonywa, ikawa ngumu, na siku itakapotoka itamwumiza, kiasi kwamba yule aliyekuwa anaogopa shimo sasa anaogopa pia maumivu na anabana zaidi. Hali hiyo ikiendelea, kinyesi chepesi hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi bila mtoto kujua, na hapo ndipo anapochapwa kwa uchafu au kupewa dawa ya kuzuia kuhara, wakati kumbe tatizo ni choo kigumu. Mtoto anayesimama kona, anabana makalio na kujikunja hadi uso unabadilika rangi, mara nyingi hajisaidii bali anazuia. Dawa ya kwanza ni maji ya kunywa ya kutosha, mapapai, maembe na mboga za majani, na ikishindikana apelekwe kituo cha afya apewe dawa ya kulainisha choo inayolingana na umri wake. Kumwekea kipande cha sabuni kwenye njia ya haja kubwa, kama wengine wanavyofanya, ni kumwongezea maumivu mahali pale pale anapopaogopa.

Sisi tuliacha kabisa habari ya wiki mbili. Nilinunua poti ya plastiki sokoni nikaiweka barazani, na siku za mwanzo alikaa juu yake na nguo zake zote huku mimi nikichambua dagaa kando yake, bila mtu kumwuliza kama ametoa kitu. Baadaye akakaa bila pampasi, dakika chache tu baada ya uji wa asubuhi, kwa sababu tumbo likishapokea chakula ndipo utumbo unapoamka. Alipofanikiwa tulibeba poti pamoja kwenda kumwaga chooni. Mara ya kwanza yeye akasimama mbali, kisha mlangoni, kisha ndani akiwa ameshika tochi ya simu na kuisimamia kazi kama bwana afya. Mwisho fundi wa jirani alitutengenezea ubao mnene wa kufunika tundu, wenye tundu dogo katikati lisilopitisha hata mpira wake wa nailoni. Yote hayo yalichukua wiki saba, na katikati aliugua homa akarudi nyuma tukaanza upya.

Najua wapo watakaosema kwamba wakati wetu mtoto aliachwa ajisaidie nyuma ya nyumba mpaka akue, na hakuna aliyekufa. Wapo waliokufa. Kinyesi cha mtoto kina vimelea kama cha mtu mzima, na sisi tunaoishi kwenye miteremko inayoelekea Ziwa Tanganyika tunajua mvua ikinyesha kila kitu kinaelekea wapi. Tulioshuhudia kipindupindu cha Mei 2015, kilipozuka Kagunga, kijiji cha kando ya ziwa hilo, walikokuwa wamekusanyika wakimbizi kutoka Burundi, hatuhitaji kukumbushwa. Poti inayomwagwa chooni, ikafuatiwa na kunawa mikono kwa sabuni, mtoto na mlezi wake, inatosha kumsubiri aliye na hofu bila kuhatarisha jirani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwa wenye vituo vya kulelea watoto. Watoto wengi huwa tayari kuacha pampasi kati ya miezi 18 na miaka 3, na dalili zake zinaonekana: anakaa mkavu saa mbili, anasema amelowa, anaweza kushusha kaptula yake. Kumpa kila mtoto tarehe moja ni kumlazimisha mzazi atumie fimbo. Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na humo inasisitiza malezi yenye mwitikio, yaani mlezi asome ishara za mtoto na kuzijibu. Sioni mwitikio wowote katika kumrudisha nyumbani mtoto wa miaka miwili na nusu kwa kosa la kuogopa. Kituo kiwe na poti chache, kimwulize mzazi mtoto wake hutumia neno gani akibanwa, na kimpokee akiwa na pampasi mpaka awe tayari.

Ombi la pili ni kwa wanaosimamia ujenzi wa vyoo mitaani. Kampeni ya Nyumba ni Choo imetusukuma tuwe na sakafu inayosafishika, mlango, paa na mahali pa kunawia mikono, na nyumba nyingi mtaani kwetu zimebadilika. Lakini anayekuja kukagua huuliza kama kaya ina choo. Sijawahi kusikia akiuliza kama mtoto wa miaka mitatu wa kaya hiyo anaweza kukitumia. Naomba swali hilo liongezwe, na mafundi waambiwe watengeneze ubao wa mtoto pamoja na mlango. Wetu ulitoka katika kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda, na mjukuu wangu mpaka leo hukigonga kwanza kwa kisigino kabla hajachuchumaa.

Bibi wa Mwanga,
Kigoma
(Jina limehifadhiwa)