Walihesabu nyumba, wakahesabu vichwa, sasa ni simu

Mhariri,

Naandika hii barua nikiwa kibandani kwangu hapa Kisumu, nauza viatu vya mitumba, uchumi sijasomea popote. Lakini kila nikifungua redio asubuhi nasikia wakubwa wakibishana ati Wakenya watavumilia ushuru hadi wapi, nabaki nikijiuliza hawa wanangoja nini, wanangoja vijana waingie tena barabarani kupinga ushuru kama Juni 2024 ndio wajue? Watu waliacha kuvumilia kitambo, ni vile tu wengi wetu hatupigi kelele.

Njoo ukae na mimi hapa dakika kumi tu. Mteja anachagua kiatu, ananiuliza, "Mathe, nilipe kwa till?" namwambia hapana, kama uko na keshi nipe, kama huna tuma kwa hii namba ya kawaida. Na till niko nayo, ile namba ya biashara ya kulipiwa kwa simu, ambapo mauzo yote yanaonekana, stika yake ilikaa hapo mbele mpaka ikapauka na jua, nikaibandua mwenyewe. Jirani yangu wa masufuria pia alibandua. Najua kuna msomaji atasema huyu mama ni mwizi wa ushuru, sawa, lakini kwanza piga hesabu na mimi.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilitoa ushuru wa mauzo wa sisi wadogo kutoka asilimia 1 ikaweka 3, kwa yeyote anayeuza zaidi ya milioni moja kwa mwaka. Milioni inasikika kubwa lakini igawanye kwa siku 365, ukiuza kitu kama 2,740 kwa siku umeshafika. Na ni ya mauzo, sio ya faida! Kiatu kimenigharimu 420 nikikitoa kwa beli, nimeuza 500, faida ni 80 na hapo sijatoa nauli wala tikiti ya soko. Asilimia 3 ya 500 ni 15. Hiyo ni karibu moja kwa tano ya faida yangu imeenda, na kile kiatu nimeuza kwa hasara kwa sababu kimepasuka soli, bado kinalipiwa ushuru. Mwaka huo huo VAT ya mafuta ikatoka 8 ikaenda 16, ushuru wa ada ya kutuma pesa kwa simu ukatoka 12 ukaenda 15. Halafu 2024 Rais akakataa kutia sahihi ule Mswada wa Fedha wa kuongeza ushuru, tukashukuru Mungu, wiki chache tu baadaye ile ada ya barabara kwa kila lita ya mafuta ikapanda kutoka bob 18 hadi 25. Kwa hivyo mlango ulifungwa wakapitia dirishani.

Nyanya yangu alikuwa anatuambia mambo aliyosikia kwa wakwe zake, ya kodi ya nyumba ya Mzungu. Ilianza 1901 na ilikuwa inatozwa kwa kila nyumba, sasa wewe fikiria boma la Mjaluo, kila mke na nyumba yake, mzee wa wake watatu analipa mara tatu. Watu wakafanya nini? Hawakupigana, walibanana. Familia mbili, tatu, chini ya paa moja, karani akija kuhesabu anapata nyumba chache. Serikali ikashtuka, 1910 ikaanza kutoza vichwa, sasa hapo huwezi kubanana. Ndio mpaka Desemba 1921 watu wakakusanyika Lundha kule Gem, mkutano ukaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema, wakalalamikia kodi na kipande, ile pasi ya kazi ya lazima, na kazi ya kulazimishwa, na mwaka uliofuata kodi ikapunguzwa. Tangu wakiwa wamebanana mle ndani mpaka siku ya Lundha ni miaka mingi, na hiyo miaka yote nafikiri kuna mkubwa alikuwa akiandikia London kwamba watu wametulia.

Sasa hivi wanataka kuhesabu pesa za kwa simu. Mswada wa 2024 ulikuwa na kipengele cha kuiondolea KRA, wale wakusanyaji wa ushuru, ile sheria ya kulinda data za watu, 2025 wakajaribu tena kwa njia nyingine Bunge likakataa. Mimi hiyo inaniuma kuliko hata asilimia 3, kwa sababu kwa hiyo simu kuna pesa ya chama, kuna ya matanga, kuna ile dada yangu ananitumia kutoka Nakuru ya dawa ya mama, ukiangalia tu kwa kompyuta yote utasema ni mauzo.

Anayenitia huruma ni kijana wangu ameajiriwa, yeye hana pa kujificha. Mshahara ni 30,000, makato ya kujenga nyumba za bei nafuu 450, ya SHA, bima ya afya, 825, hiyo ni 1,275 kabla hata ya PAYE, ushuru wa mshahara, na NSSF, akiba ya uzeeni. Hiyo ya nyumba Mahakama Kuu ilisema Novemba 2023 ni kinyume cha katiba, Machi 2024 ikaletewa sheria mpya na makato yakaendelea. Nikibandua stika yangu najua ni kama namuongezea yeye mzigo. Sina jibu la hiyo.

Na tikiti ya soko nalipa kila siku, sijawahi kuruka. Choo chetu kimefungwa kufuli, tunaenda kwa hoteli ya mtu tunalipa bob kumi. Kijana wa tikiti nilimuuliza, mwanangu hii pesa inaendanga wapi, akacheka akasema mama hata mimi natumwa tu.

Mimi sisemi tusilipe. Waandike kwa ukuta wa soko kila mwezi, tumekusanya hii, tumefanya hii, na wafungue choo. Wakifanya hivyo mwezi mmoja tu till narudisha, stika bado niko nayo kwa droo.

Muuza viatu,
Kisumu