Barua kwa Mama Rukia

Grenoble, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Rukia,

Assalam aleikum. Huku tu wazima, alhamdulillah. Baba Salim anakusalimu, na yale ya Khadija tutayaongea kwa simu maana ni marefu. Nimekaa kuandika kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Unasema Rukia amepewa na rafiki yake karatasi ya maskauti, na Mama Fadhili amekwambia hayo ni mambo ya kanisa, mtoto atarudi kabatizwa. Nimeona nikuandikie kwa kirefu kabla hujamkatalia.

Ufaransa haina chama kimoja cha skauti. Kuna shirikisho tangu 1940, na leo vyama ndani yake ni sita. Éclaireuses et Éclaireurs de France hawafungamani na dini yoyote, na mizizi yao ni ya 1911. Waprotestanti wana chao. Wayahudi wana chao, kilichoanzishwa 1923 na Robert Gamzon. Wabuddha wanacho. Na sisi tunacho: Scouts Musulmans de France, cha 1990, kilichoanzishwa na Sheikh Khaled Bentounès. Cha sita ndicho cha karatasi yako, Scouts et Guides de France, kilichozaliwa 2004 pale Scouts de France walipoungana na Guides de France. Hao ni Wakatoliki, ni kweli, na kambini Jumapili huwa kuna misa. Lakini wanapokea mtoto wa dini yoyote. Nenda umuulize kiongozi wa kikundi uso kwa uso: wakati wa sala wengine wanafanya nini, na siku ya kutoa ahadi ya skauti mtoto Muislamu anasema maneno gani. Akijibu kwa kuzungukazunguka, tafuta kikundi kingine. Kama kuna cha Scouts Musulmans karibu nanyi ni heri, ila vikundi vyao si vingi, usimkatie mtoto tamaa kwa kusubiri hicho. Wapo pia Wakatoliki wengine nje ya shirikisho, wanaotenganisha wasichana na wavulana kabisa, nao dini yao ina uzito zaidi katika kila jambo. Soma jina lililo juu ya fomu kabla ya kutia sahihi.

Kwa miaka yake 11 Rukia ataingia kundi la miaka 11 hadi 14, wenye mashati ya buluu. Mwaka wao unaanza Septemba, ila usingoje Septemba. Viongozi ni vijana wa kujitolea, wengi wanafunzi wa chuo. Wakipungua viongozi, watoto hawaongezwi, maana sheria inataka angalau kiongozi mmoja kwa watoto 12. Ndiyo maana kuna orodha za kusubiri. Andika jina Mei au Juni. Ada inafuata kipato chenu, kwa hiyo chukua karatasi ya quotient familial, yaani kipimo cha kipato cha familia, kutoka CAF, ile ofisi ya posho za familia. Usipoipeleka unaweza kupangiwa kiwango cha juu bure.

Sasa kambi, ambayo najua ndiyo inayokunyima usingizi. Takriban wiki mbili Julai, mahemani. Kambi inasajiliwa serikalini kabla ya kuanza, na walau nusu ya viongozi lazima wawe na cheti. Kulala: sheria inataka wasichana na wavulana waliopita miaka sita walale mbalimbali. Hilo si hisani ya kiongozi. Chakula: sema mapema, Mei, wakati wanapanga menyu na manunuzi, sio siku ya basi. Usiseme tu "hali nguruwe". Taja halali, taja jelatini, na uulize kama siku za nyama atapata mayai, samaki au dengu.

Umeuliza kuhusu moto, kwamba watoto wanapika wenyewe na utaungua moyo. Wanapika, lakini sio chini. Wanajenga meza ya moto, kimo cha kiuno cha mpishi, kwa miti na kamba tupu, bila msumari. Ufundi huo wanauita froissartage, kwa jina la Michel Froissart wa Scouts de France. Juu ya meza wanapanga magogo yaliyobanana, kisha udongo wa mfinyanzi uliolowa, sentimita kumi au zaidi, ukishindiliwa hadi pembeni. Udongo ukiwa mwembamba magogo yanashika moto kwa chini, na hakuna anayeona mpaka sufuria iiname.

Kamba ni ya mkonge, kama ule wa Vipingo na Voi. Nailoni inateleza na inayeyuka. Unafunga ncha kwenye mti uliosimama, unazungusha pale miti inapokutana mara tatu au nne, kila mzunguko ukivutwa kwa uzito wa mwili. Halafu, na hapa ndipo watoto wanapofanya haraka, unapitisha kamba katikati ya miti miwili, ukiikaba ile mizunguko yenyewe mara mbili tatu, ndipo unafunga. Bila kukaba, meza inayumba siku ya pili. Hata ikikabwa, mti mbichi hunywea ukikauka, kwa hiyo mafundo yanakaguliwa kila asubuhi. Na lazima kila upande uwe na mti wa mshazari, maana miguu minne pekee haisimamishi kitu. Mwambie Rukia alishike hili la kukaba, watampenda.

La mtandio nalo: mpe wa pamba, mdogo, ncha zichomekwe ndani. Kitambaa cha nailoni kinayeyukia ngozini. Skafu ya skauti nayo ivuliwe jikoni, na viatu viwe vya kufunika. Kukiwa na ukame na mkoa umepiga marufuku moto, watapikia gesi, wala hawatakufa njaa.

Dawa yake ya pumu: cheti cha daktari, dawa ndani ya boksi lake lenye jina la mtoto, mkononi mwa kiongozi, na mkubaliane wazi kuhusu ile pampu anayoihitaji ghafla. Kadi ya chanjo pia. Begi la kulalia liwe la usiku wa baridi, milimani hata Julai kunauma. Viatu avivae wiki mbili kabla. Andika jina kwenye kila soksi.

Na kupe! Kila jioni ajikague nyuma ya magoti, kwapani, kinenani na kwenye nywele. Kupe atolewe kwa kile kikoleo cha duka la dawa, kwa kuzungusha taratibu. Asipakwe mafuta wala spiriti. Likitokea duara jekundu linalopanuka, hata wiki kadhaa baadaye, daktari mara moja, maana ni ugonjwa wa Lyme.

Lakini narudi palepale: lile la ubatizo liondoe moyoni, ila swali la sala muulize kiongozi mwenyewe, usinitume mimi. Na mwambie Rukia kwamba mzee Baden-Powell aliyeanzisha haya yote amelala kwetu Nyeri tangu 1941.

Je, baba yake anasemaje? Rukia mwenyewe anataka, au anamfuata rafiki yake tu? Kikundi hicho kina watoto wangapi, na umeshamuona kiongozi? CAF mmeshawapelekea zile karatasi za mwaka huu? Na begi la Salim la kulalia bado zuri, nimpe nani aje nalo, Mama Fadhili au wewe unapita huku Pasaka?

Wako,
Zuhura